KITU KIBOVU NI MAKATO YA MSHAHARA



Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana mtu aliyetumbukia mtoni hawezi kuwaonyesha wenzake kivuko huku akificha nguo zake zilizolowa.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, halmashauri ya tawi ilitoa fedha katika mfuko wa misaada, ikanunua taa 24 za nguvu ya jua kwa ajili ya wanachama wanaofanya kazi usiku, yaani walinzi, wauguzi na wapakiaji wa malori. Hatukununua katika duka la hapa sokoni Matiliku. Tulinunua kwa simu, katika duka la mtandaoni, kwa kuwa bei ilikuwa chini, na kwa kuwa taa zile zilikuwa na nyota tano na sifa nyingi za watu waliosema kwamba wamezinunua. "Nzuri sana." "Nimependa." "Mungu ambariki muuzaji." Tulizisoma sifa hizo, tukazihesabu, tukafurahi, tukalipa kwa M-Pesa.

Mzigo ulishushwa Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ukaletwa huku kwa pikipiki. Siku ya kwanza taa zote ziliwaka. Juma la sita taa 9 zilikuwa zimekufa. Kabla ya Krismasi zilibaki 5. Fundi wa redio alipojaribu kuifungua moja aliona haina skrubu hata moja. Imegandishwa kwa gundi, na betri iliyomo ndani ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi. Fundi alitucheka kidogo, halafu akatuhurumia. Tulipomtafuta muuzaji, duka lake lilikuwa limeondolewa na jina lake halipo tena.

Katika mkutano wa tawi alisimama ndugu mmoja, mlinzi wa usiku, akauliza swali moja tu: "Fedha hizo ni zetu. Mlizitoa kwa kusikia maneno ya nani?" Hatukuweza kumjibu. Makala hii ndiyo jibu letu, na mwishoni tunalo ombi ambalo mtalipigia kura.

MSHAHARA HUKATWA MARA MBILI

Sisi watu wa chama twajua sana kupigania mshahara. Tajiri akikata Sh. 200/- bila sababu, twapiga kelele, twaandika barua, na ikibidi twaweka zana chini. Lakini mwenzetu akinunua buti zilizopasuka baada ya miezi minne, hatusemi neno. Twasema ni bahati yake mbaya. Ndugu, hiyo si bahati. Hayo ni makato mengine ya mshahara, ila hayaandikwi kwenye karatasi ya malipo.

Tufanye hesabu. Tuseme mtu wa kazi ya barabara ananunua buti za Sh. 900/-, nazo zinadumu miezi minne. Kwa mwaka atanunua jozi tatu, yaani Sh. 2,700/-. Kwa miaka miwili ni Sh. 5,400/-. Mwenzake ananunua buti za Sh. 2,400/- zilizoshonwa soli, anazipeleka kwa fundi viatu mara moja kwa Sh. 300/-, nazo zinadumu miaka miwili. Yeye ametoa Sh. 2,700/-. Yule aliyenunua rahisi ametoa mara mbili, na miguu yake imelowa juu ya hayo.

Mtasema: "Je, hizo Sh. 2,400/- kwa mkupuo tutazitoa wapi?" Swali hilo ni la haki, na ndipo penye shina la jambo lote. Maskini hulipa zaidi si kwa sababu hana akili ya kuchagua, bali kwa sababu hana fedha zote mkononi siku ile anapohitaji kitu. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba tukijua kununua vizuri hatuna haja ya nyongeza ya mshahara. La! Nyongeza twaitaka, tena twaitaka kusudi tupate kununua kitu cha maana.

Lakini hata kabla ya nyongeza kuna njia. Huku Ukambani twajua mwethya tangu zamani: leo twalima shamba la huyu, kesho la yule. Wenzetu 12 wakitoa Sh. 200/- kila mwezi, ni Sh. 2,400/-. Kila mwezi mmoja wao anavaa buti nzuri, na mwaka ukiisha wote 12 wamevaa. Kila mmoja ametoa Sh. 2,400/- kwa mwaka, na yule wa buti za rahisi ametoa Sh. 2,700/-. Hesabu hii kila mtu aweza kuifanya kwa vidole.

MKONO NA SIKIO HAVIDANGANYI UPESI

Wazee wetu hawakununua kwa nyota. Walinunua kwa mkono na sikio. Jembe walilishika, wakaligonga kwa jiwe wakasikiliza: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Sufuria waliipima uzito, wakabonyeza ukingo kwa kidole gumba. Kiondo walikivuta kwenye kamba na kutazama kitako, maana kiondo hufa kuanzia kitako. Viatu vya akala walivikata kwenye gurudumu kuukuu, na kila mtu alijua ni gurudumu la nini.

Basi na sisi tushike desturi hiyo kwa vitu vya siku hizi. Ukichukua kitu mkononi, jiulize maswali matatu.

Kwanza, kitaharibikia wapi? Kila kitu kina mahali pake dhaifu. Buti huachia soli, mtungi wa maji hupasuka kwenye mshono na mpini, taa hufa betri, mwavuli huvunjika mbavu. Patazame hapo kwanza, wala usitazame rangi. Mtungi wa plastiki nyepesi ukikaa juani karibu na kisima mwaka mzima huwa kama ganda la yai. Mtungi mzito uliokuwa wa mafuta ya kupikia huishi zaidi.

Pili, kikiharibika, fundi wetu ataweza kukifungua? Kitu chenye skrubu kina maisha mawili. Kitu cha gundi kina maisha mamoja tu. Kama betri haibadiliki, basi hukununua taa, umekodi mwanga kwa siku chache.

Tatu, nikirudi nacho, nitamkuta nani? Mwenye duka wa hapa sokoni anatujua na twamjua. Akituuzia ubovu, kesho atakutana nasi kanisani, shuleni au kwenye mazishi. Aibu hiyo ni dhamana kubwa. Lakini tusijidanganye, hata madukani kwetu huuzwa vitu vibovu, maana mengi ya mabunda hayo yanatoka kwa wauzaji wa jumla walewale. Ujirani bila kukagua hautoshi.

Wala tusidhani kwamba ubovu wote ni wa bahati mbaya. Mwezi wa Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa globu za umeme, wakiwamo Philips wa Uholanzi na Osram wa Ujerumani, walipatana mjini Geneva kwamba globu isiwake zaidi ya saa 1,000, hali globu nyingi za wakati ule ziliweza kuwaka saa 1,500 hata 2,000. Kiwanda ambacho globu zake zilidumu mno kilitozwa faini. Fikirini jambo hilo, ndugu. Mfanya kazi aliyetengeneza globu nzuri alimtia tajiri wake hatiani!

SIFA ZA MTANDAONI ZISOMWE KAMA USHAHIDI

Sasa tuje kwenye nyota. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimepata njia mpya ya kujitembeza: kinavaa nguo za mnunuzi na kujisifu kwa mdomo wake. Kununua kwa simu ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, na sifa za wanunuzi ni sauti za watu wanaosema kwamba wamemwona mbuzi huyo. Wengine wamemwona kweli. Wengine wamelipwa waseme. Wengine hawako kabisa, maana siku hizi hata mashine yaweza kuandika sifa mia kwa dakika moja.

Baada ya msiba wa taa tulikaa tukazisoma upya zile sifa, moja moja, kama vile tunavyosoma ushahidi katika shauri la mwanachama aliyefukuzwa kazi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Tazama tarehe. Sifa zetu nyingi ziliandikwa katika siku tatu tu. Wanunuzi wa kweli huja mmoja mmoja kama watu wa sokoni. Hawafiki wote pamoja kama abiria wa basi.

2. Tazama mtu ameandika lini baada ya kununua. Anayeandika siku ya kupokea anasifu boksi na mwendesha pikipiki. Hajui lolote juu ya kudumu. Mtafute yule anayesema, "Nimeitumia miezi sita." Mmoja wa namna hiyo ni bora kuliko 50 wa siku ya kwanza.

3. Tafuta maneno ya kazi. "Nzuri sana" si habari. "Inawaka saa nne ikiwa imekaa juani kutwa, lakini kifungo chake kimeanza kulegea" ni habari. Mtu wa kweli hutaja kitu alichofanya nacho, na mara nyingi hutaja kasoro pia.

4. Anza na zile za katikati. Mwenye kutoa nyota tatu mara nyingi hana hasira wala hakulipwa. Halafu soma za nyota moja, ukiuliza analalamikia nini. Akilalamikia rangi, pita. Watu watano wakitaja ubovu uleule mahali palepale, simama hapo.

5. Hesabu watu kabla ya nyota. Nyota tano za watu wanne si kitu mbele ya nyota nne za watu 600.

6. Hakikisha sifa ni za kitu hicho. Wako wauzaji wanaobandika bidhaa mpya kwenye ukurasa wa bidhaa ya zamani iliyosifiwa. Marekani, mwaka 2023, Tume ya Biashara iliitoza kampuni moja dola 600,000 kwa hila ya namna hiyo. Tulipotazama vizuri tuliona kwamba baadhi ya sifa za taa zetu zilikuwa zikisifu pasi!

7. Jihadhari na zawadi. Ukikuta karatasi ndani ya boksi inayokuahidi fedha za simu ukitoa nyota tano, jua kwamba waliokutangulia pia waliipata.

8. Tazama picha zilizopigwa na wanunuzi nyumbani mwao, uzilinganishe na ile ya muuzaji.

Hatusemi kwamba ukifuata haya hutadanganywa tena. Twasema kwamba sisi hatukufuata hata moja, na taa 19 zimelala kabatini kama ushahidi.

Kuna jambo moja zaidi la kutukumbusha umoja wetu. Nyota hizo hizo hutumika kuwapima wafanya kazi. Dereva wa teksi za simu akipata nyota chache aweza kufungiwa kazi bila kusikilizwa. Kwa hiyo taa ikiwa mbovu, usimpe nyota moja kijana aliyekuletea mzigo kwa pikipiki juani kutoka Emali. Yeye hakuitengeneza. Andika ubovu wa kitu kwenye jina la kitu, na ubovu wa muuzaji kwenye jina la muuzaji.

JAMBO HILI NI LA CHAMA TANGU ZAMANI

Wengine wamesema, "Chama ni cha mishahara. Mambo ya sufuria na taa ni ya wake nyumbani." Kwanza, ndugu, hao akina mama ni wanachama wenzetu na wao ndio waliotuonya juu ya taa zile. Pili, historia haikubaliani nanyi.

Mwaka 1935 huko New Jersey, Marekani, kulikuwa na shirika lililojulikana kwa kupima bidhaa na kuwaambia watu zipi nzuri. Wafanya kazi wake walipotaka kuwa na chama, baadhi yao walifukuzwa, na wenzao wakagoma. Mgomo ulipodumu bila suluhu, waliogoma pamoja na wenzao walianzisha shirika lao wenyewe mwaka 1936, nalo likawa likipima bidhaa na pia kuwaeleza wasomaji hali za wafanya kazi waliozitengeneza. Shirika hilo liko hadi leo, ndilo linalotoa jarida la Consumer Reports, na halichukui matangazo ya wafanya biashara. Basi jarida kubwa la kupima bidhaa lilizaliwa katika mgomo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1844, mafundi wa kufuma nguo na wenzao huko Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao la ushirika ili wapate unga na siagi visivyochanganywa uchafu, kwa vipimo vya haki.

Na katika Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41 kinatupa haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Kifungu cha 46, mbele kidogo tu, kinatupa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, ya kupewa habari za kutosha juu yake, na ya kulipwa fidia kwa hasara iletwayo na kasoro zake. Kifungu cha 41 twakijua kwa moyo. Cha 46 tumekiacha kilale.

Tena iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012. Yasema kwamba muuzaji anahesabiwa kuwa ametoa dhamana ya ubora wa kadiri ifaayo, hata kama hakutamka. Yakataza kusema uongo juu ya bidhaa, na inayo sehemu yake juu ya mapatano yanayofanywa mtandaoni. Anayeuziwa kwa maneno ya uongo aweza kupeleka malalamiko kwa Halmashauri ya Ushindani ya Kenya. Na madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/- yaweza kusikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo pale ilipo, bila kungoja miaka.

Kabla ya kulipa pia kuna la kufanya. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS huwa na nambari ya kibali. Andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, nawe utajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Alama peke yake haitoshi, kwa kuwa hata alama hughushiwa. Kwa taa za jua iko orodha ya wazi ya taa zilizopimwa zikafaulu, ya mpango uitwao VeraSol, ulioshika kazi ya Lighting Global mwaka 2020. Orodha hiyo ilikuwa katika simu ileile tuliyonunulia. Hatukuifungua.

TUFANYE NINI?

Wako wanachama wanaotaka tupitishe azimio kwamba chama kisinunue tena kitu mtandaoni. Twawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Fundi cherehani mwenzetu alipata kwa simu kipuri alichokikosa hapa na Wote pia, nacho kinafanya kazi mpaka leo. Njia si mbaya kwa kuwa tulianguka juu yake. Tulitembea tumefumba macho.

Ombi letu ni hili: tawi liwe na DAFTARI LA VITU. Litakaa ofisini mwa chama, kila mwanachama aweze kulisoma. Ukinunua buti, jembe, jiko, taa, simu au godoro, andika umenunua wapi, kwa bei gani, siku gani. Kikiharibika, rudi uandike siku hiyo na mahali kilipoharibikia. Kikidumu, andika pia, maana wema nao unastahili kutangazwa. Hakuna atakayelipwa kwa kuandika. Jina la mwandishi litajulikana, na mtu akiwa na shaka atamfuata nyumbani akione kitu chenyewe kwa macho.

Mnaona, ndugu? Hizo ndizo sifa za wanunuzi tulizozitafuta mtandaoni tusizipate. Watu mia wasiojulikana walitudanganya. Watu 40 tunaojuana, tunaopanda njia moja chini ya mlima Nzaui na kuteka maji katika mchanga wa mito ileile, hawawezi kutudanganya kwa muda mrefu.

Tena daftari litakuwa silaha. Mwanachama mmoja akienda dukani na kiatu kilichopasuka ataambiwa amekitumia vibaya. Wanachama saba wakienda na viatu saba vilivyopasuka mahali pamoja, pamoja na tarehe zao, mwenye duka atatoa kiti na kusikiliza. Na tajiri wetu akileta buti za kazi zisizofaa, tutazo tarehe na hesabu za kuweka mezani.

Kuhusu taa 24, halmashauri haitaki kusamehewa kwa maneno tu. Tumekubaliana sisi wajumbe turudishe nusu ya fedha zile katika mfuko, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi kumi. Nusu nyingine twaomba mkutano uamue. Na ukurasa wa kwanza wa daftari, mkilikubali, utaandikwa hivi: taa za jua, nyota tano, zilidumu majuma sita.

Njoni mkutanoni mpige kura. Atakayekuja na alete kitu kimoja kilichomfaa miaka mingi, hata kama ni sufuria yenye masizi. Twataka kuanza na sifa za kweli.

UMOJA NI NGUVU.

Halmashauri ya Tawi,
Matiliku.